Kilemba cha Mwanagenzi: Ufundi wa Mwanafunzi Hupimwaje?

Zamani katika miji ya pwani, mwanagenzi aliyefuzu kazi hakupewa karatasi yoyote. Yeye ndiye aliyetoa. Alimpelekea fundi wake zawadi iliyoitwa kilemba, na kwa kutolewa kilemba hicho ilijulikana mtaani kwamba mafunzo yamekwisha, na kwamba tangu siku hiyo kijana aweza kupewa kazi na kuifanya peke yake. Hapakuandikwa tarehe, wala hapakuwa na alama kwa mia. Hata hivyo ushahidi ulikuwapo, tena mwingi: fundi alikuwa amemtazama mwanafunzi wake akikosea na kujisahihisha, siku baada ya siku, kwa muda mrefu, na jina la fundi huyo ndilo lililokuwa dhamana. Mlango ukipinda, watu hawakudai cheti. Waliuliza, "Huyu kafundishwa na nani?"

Swali hilo halijafa. Katika Keko, wilayani Temeke, ambako maseremala hutengeneza vitanda, kabati na makochi na kuvipanga kando ya barabara, mteja mwenye busara bado huweza kuliuliza kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Lakini shule haiwezi kulijibu kama fundi anavyolijibu. Fundi ana wanagenzi wawili au watatu. Mwalimu wa ufundi katika shule ya sekondari ana darasa zima, ana kengele inayolia baada ya dakika 80, na ana meza za kazi ambazo hazitoshi. Wala mwajiri wa Mikocheni hamjui mwalimu wa Mbagala. Kwa hiyo shule hapana budi iandike, na kile inachokiandika ndicho kitakachosafiri na kijana badala ya jina la fundi wake.

Lugha yetu inacho kilemba kingine, kilemba cha ukoka, yaani sifa ya uongo anayovishwa mtu asiyestahili. Ukoka ni majani, nayo hunyauka. Cheti cha ufundi chaweza kuwa kilemba cha aina ya kwanza au cha aina ya pili, na kwa kuutazama mhuri na sahihi zake tu hakuna awezaye kutambua tofauti. Tofauti imo katika kumbukumbu zilizotangulia cheti: nani aliona nini, lini, mara ngapi, na kwa kipimo gani.

Jambo hili limepata uzito mpya nchini Tanzania. Tangu Januari 2024 elimu ya sekondari ya kawaida ilianza kufuata mitaala mipya yenye mikondo miwili, mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Katika mkondo wa amali mwanafunzi husoma fani, kama vile useremala, uashi, umeme, ushonaji au kilimo, pamoja na masomo mengine ya shule. Walioingia kidato cha kwanza mwaka huo hufika mwisho wa kidato cha nne mwaka 2027. Makusudio ni kwamba wapimwe na pande mbili: Baraza la Mitihani la Tanzania, na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) kwa upande wa ujuzi wa fani. Kijana wa umri wa miaka 17 au 18 atatoka shuleni akiwa na karatasi inayosema kwamba aweza kufunga nyaya za umeme katika nyumba ya watu. Ikiwa karatasi hiyo ni ya kweli, amepata riziki. Ikiwa si ya kweli, kuna nyumba itakayoungua.

Nusu kwa nusu, mwaka 1976

Si mara ya kwanza kwa taifa hili kujaribu kuipima kazi ya mwanafunzi badala ya kuipima kalamu yake peke yake. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mitihani ya wakati huo ilipima uwezo wa mtu kukariri mambo na kuyatoa anapotakiwa, wala haikupima tabia yake wala utayari wake wa kutumikia wenzake. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 ikaundwa sheria ya kuanzisha baraza lake yenyewe. Kisha Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaagiza kwamba maendeleo ya mwanafunzi ya kila siku, pamoja na kazi zake, yahesabiwe katika tathmini yake.

Matokeo yake yalionekana kuanzia mwaka 1976. Nusu ya alama za kidato cha nne zilitokana na maendeleo ya mwanafunzi shuleni na nusu nyingine na mtihani wa mwisho. Mbali na alama za masomo, mwalimu alitakiwa kupima kazi na mwenendo: bidii ya kazi, ubora wa kazi, utunzaji wa mali, ushirikiano, heshima, uaminifu. Walimu waliofundisha miaka hiyo wanazikumbuka safu hizo, na ripoti za shule nyingi zinazo hadi leo.

Fikra ilikuwa njema, na haifai kuibeza. Lakini ilikutana na tatizo ambalo watu wa vipimo hulijua vizuri. Aliyefundisha ndiye aliyepima, na aliyepima alikuwa na sababu zote za kutaka wanafunzi wake wafaulu, kwa kuwa nafasi za kuendelea na masomo zilikuwa chache na sifa ya shule ilitegemea idadi ya waliochaguliwa. Isitoshe, alama 70 ya shule moja haikuwa alama 70 ya shule ya pili. "Bidii ya kazi" ilipimwa kwa herufi, na hakuna aliyeweza kusema ni tendo gani hasa lililoonekana hata ikaandikwa A wala si B. Baada ya mabadiliko kadhaa, katika miaka ya karibuni uzito wa upimaji wa shuleni kwa mtihani wa kidato cha nne uliteremshwa hadi 30 kwa 100.

Kwa somo la historia au hesabu uamuzi wa namna hiyo una hoja zake. Kwa ufundi, kupunguza uzito wa kumbukumbu badala ya kuzitengeneza kumbukumbu zenyewe ni kama kutupa pimamaji kwa sababu kiputo chake hakikutulia. Hata mtihani wa mwisho hauna usalama unaodhaniwa.

Karatasi moja, walimu mia na zaidi

Mwaka 1913 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walichapa nakala za karatasi moja ya majibu ya jiometri iliyoandikwa na mwanafunzi mmoja, wakazipeleka kwa walimu wa hisabati wa shule mbalimbali ili waisahihishe. Walipokea majibu ya walimu 116. Alama zilianzia chini ya 30 hadi zaidi ya 90. Ikumbukwe kwamba hii ilikuwa jiometri, somo ambalo watu husema jibu lake ama ni sahihi ama si sahihi. Mmoja alikata alama kwa mchoro mchafu, mwingine hakuuangalia. Mmoja aliipa uzito njia, mwingine jibu.

Sasa badala ya jiometri weka kigoda. Mwalimu mmoja hutazama miguu kama imesimama sawa, wa pili hupapasa laini ya msasa, wa tatu hukikalia.

Watu wengi hufikiri kwamba dawa yake ni kuweka wapimaji wawili na kuona kama wanakubaliana. Ni mwanzo mzuri, ila una mtego, nao unaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya kidato cha pili. Tuseme wapimaji wawili wanakagua kazi za wanafunzi 50, kila mmoja peke yake, na kwa kila mwanafunzi wanaandika neno moja tu, "ameweza" au "bado". Wote wawili wanasema "ameweza" kwa wanafunzi 34. Wote wawili wanasema "bado" kwa 4. Waliobaki ni 12: sita wamekubaliwa na mpimaji wa kwanza tu, sita na wa pili tu. Wamepatana kwa wanafunzi 38 kati ya 50, yaani asilimia 76. Mkuu wa shule akiona tarakimu hiyo ataridhika.

Asiridhike mapema. Kila mpimaji amesema "ameweza" mara 40 kati ya 50, yaani 0.8. Lau kama wote wawili wangefumba macho na kubahatisha kwa kiasi hicho hicho, wangepatana juu ya "ameweza" kwa 0.8 × 0.8 = 0.64, na juu ya "bado" kwa 0.2 × 0.2 = 0.04. Jumla ni 0.68. Kwa hiyo asilimia 68 ya mapatano ingepatikana bila mtu yeyote kutazama kigoda. Kilichozidi bahati ni 0.76 − 0.68 = 0.08 tu, kati ya 0.32 iliyokuwa imebaki. Gawanya, upate 0.25. Kipimo hiki hujulikana kwa jina la kappa. Kilielezwa na Jacob Cohen mwaka 1960. Kappa ikiwa 1 wapimaji wamepatana kabisa, ikiwa 0 hawakuzidi kubahatisha. Wapimaji wetu wawili, pamoja na asilimia 76 yao, wako robo ya njia.

Kugawa kazi vipande

Dawa ya kweli ilianza kupatikana katika karakana, si katika ofisi za mitihani. Mwaka 1868 Victor Della-Vos, mkuu wa shule ya ufundi ya kifalme mjini Moscow, alichoshwa na utaratibu wa kumwacha mwanafunzi aokote ujuzi kwa kumtazama fundi akitengeneza vitu vya kuuza. Akaichukua kila fani, useremala, ufuaji chuma, ukerezaji, akaivunja katika vitendo vidogo vidogo na kuvipanga kuanzia rahisi hadi vigumu. Mwanafunzi alifanya kitendo cha kwanza mpaka akakiweza, ndipo akapewa cha pili. Mazoezi hayo yalionyeshwa katika maonyesho ya Vienna mwaka 1873 na ya Philadelphia mwaka 1876, na shule za Marekani zikayaiga.

Njia yake ilikuwa na upungufu. Mtoto aliweza kumaliza mwaka mzima akikata viungo vya mbao na asitengeneze hata kigoda kimoja cha kupeleka nyumbani, na wakosoaji wa wakati ule walilisema hilo. Hata hivyo aliacha jambo moja ambalo limebaki: ukiweza kukitaja kitendo kimoja kimoja, unaweza kuandika nani amekiweza na tarehe gani. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1963, Robert Glaser wa Marekani aliitenganisha waziwazi namna mbili za kupima. Namna moja humlinganisha mwanafunzi na wenzake: huyu ni wa tano kati ya arobaini. Namna nyingine humlinganisha na kigezo: huyu anaweza kuunganisha ulimi na tundu pasipo mwanya unaozidi nusu milimita. Mwenye nyumba anayehitaji mlango hana faida na habari kwamba seremala alikuwa wa tano darasani. Huenda darasa zima halikujua kitu.

Kigezo kizuri ni kile ambacho chombo, si jicho, chaweza kukiamua. Ukuta wa uashi hupimwa kwa timazi na pimamaji. Pembe ya kabati hupimwa kwa guni, na umraba wa kabati zima kwa kulinganisha mistari miwili ya mshazari, ambayo hapana budi iwe sawa ikiwa pembe zote nne ni mraba. Nyaya za umeme zina kipimo kisicho na ubishi kabisa: ukinzani wa kihami, unaopimwa kwa chombo ambacho mafundi wengi hukiita Megger kwa jina la mtengenezaji wake. Viwango vinavyotumika katika nchi nyingi hutaka ukinzani huo usipungue megaomu 1 unapopimwa kwa volti 500. Mwalimu wa Temeke na mwalimu wa Kinondoni wakitumia chombo kizima watasoma namba ile ile, hata kama hawapendani.

Mara ngapi ndipo aitwe fundi?

Hapa ndipo mtihani wa siku moja unaposhindwa, na hapa ndipo daftari la maendeleo linapoonyesha thamani yake. Chukua wanafunzi wawili. Wa kwanza bado anajifunza. Akifunga soketi kumi, sita huwa salama na nne huwa na kasoro. Wa pili amefuzu; katika kila 100 hukosea 5 tu. Wakipewa mtihani wa kufunga soketi moja, yule wa kwanza ana nafasi 60 kwa 100 ya kufaulu. Mtihani huo hauwezi kuwatenganisha.

Ikiwa kanuni ni kufaulu mara tatu mfululizo, kwa siku tatu tofauti, nafasi ya mwanafunzi wa kwanza ni 0.6 × 0.6 × 0.6, yaani karibu 22 kwa 100. Kwa mara tano mfululizo hushuka hadi 8 kwa 100. Lakini kuna gharama upande wa pili. Fundi wa kweli, yule wa 0.95, atafaulu mara tatu mfululizo kwa nafasi 86 kwa 100, na mara tano mfululizo kwa nafasi 77 tu. Yaani kanuni kali ya tano kwa tano huwarudisha nyuma mafundi halali 23 katika kila 100. Tukilegeza, tukasema mara nne kati ya tano zinatosha, fundi wa kweli atapita karibu kila mara, 98 kwa 100. Lakini sasa na yule asiyejua naye atapita, mara 34 kwa 100.

Hakuna kanuni inayoondoa makosa yote mawili, na anayedai kuwa nayo amewadanganya wasikilizaji wake. Linalowezekana ni kuchagua ni kosa lipi baya zaidi kwa kazi ipi. Kwa kigoda, mara nne kati ya tano ni haki: kigoda kibovu humwangusha mtu mmoja, naye huinuka. Kwa soketi ya umeme heri kumrudisha fundi halali mara moja zaidi kuliko kumwachia asiyejua.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba uwezo wa mwanafunzi haubadiliki, jambo ambalo, kwa bahati njema, si kweli shuleni. Na hapa kuna kosa linalofanywa kila muhula bila mtu kulitilia shaka, nalo ni wastani. Mwanafunzi mmoja alipata 30, 45, 60, 80 na 85 katika majaribio matano ya kiungo kile kile. Mwenzake alipata 60 mara zote tano. Wastani wa wote wawili ni 60, na ripoti zao zitafanana. Ukweli ni kwamba wa kwanza amefuzu na wa pili amekwama. Wastani humtoza mwanafunzi faini kwa kuwa hakujua kabla hajafundishwa. Katika daftari la ufundi, kinachopaswa kuamua ni majaribio ya mwisho. Yale ya mwanzo hubaki kama historia, ili mwalimu aone mwendo.

Lipo hata jambo ambalo siku ya mtihani haiwezi kuliona kamwe. Mbao ambayo haijakauka barabara ikiunganishwa leo, kiungo huonekana kimekaza kama jiwe. Mbao hunywea inapokauka, na hunywea kwa upana mara nyingi zaidi kuliko kwa urefu. Baada ya miezi kadhaa ulimi umekonda ndani ya tundu lake, na kiti kinalia mtu akikaa. Mtahini amekwisha kuondoka na alama zake. Shule iliyohifadhi kazi yenye namba, na daftari lenye tarehe, yaweza kukirudia kiti kile muhula unaofuata na kuandika mstari wa pili chini ya ule wa kwanza.

Nani aliyeshika msumeno?

Karakana nyingi za shule zina mashine moja ya kuchomelea kwa wanafunzi wengi. Kazi hufanywa kwa makundi, na hilo haliepukiki. Tatizo hutokea alama inapoandikwa kwa kundi: dirisha la chuma limepata 75, basi wanafunzi wanane wote wamepata 75. Mmoja alichomelea. Wawili walikata. Mmoja alishikilia. Wanne, na mara nyingi wasichana huwa miongoni mwao, walifagia na kuleta maji. Hii ndiyo njia fupi kuliko zote ya kutengeneza kilemba cha ukoka, wala haihitaji mwalimu mdanganyifu; inahitaji tu mwalimu aliyechoka.

Daftari lililopangwa vizuri huliziba pengo hilo kwa safu moja tu ya ziada. Mbali na tarehe, kazi, vifaa, muda na kipimo kilichosomwa, iwepo safu inayotaja msaada: amefanya akishikwa mkono, amefanya akielekezwa kwa maneno, amefanya peke yake, amemwelekeza mwenzake. Ngazi hizo nne hueleweka kwa mwalimu, kwa mwanafunzi na hata kwa mzazi asiyejua fani yenyewe. Mwanafunzi aandike mwenyewe, mwalimu atie sahihi siku ile ile. Sahihi 40 zilizotiwa kwa kalamu moja, kwa wino mmoja, jioni moja kabla ya mkaguzi kufika, hujulikana hata kwa asiye mpelelezi.

Cheti na namba zake

Baada ya daftari ndipo kije cheti. Hapa Tanzania ina historia inayowachanganya waajiri hadi leo. Kwa miaka mingi mafundi walifanya majaribio ya ufundi yenye madaraja matatu: daraja la III lilikuwa la mwanzo, la II la kati, na la I la juu kabisa. Sheria ya mwaka 1994 ilianzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, na baadaye ukaja mfumo wa tuzo za taifa za ufundi stadi ambao nao una ngazi tatu, ila zimegeuzwa: ngazi ya I ndiyo ya chini na ya III ndiyo ya juu. Kwa hiyo mzee aliyefuzu daraja la I katika majaribio ya zamani na kijana aliyemaliza ngazi ya I juzi wana namba moja na uwezo tofauti kabisa. Mwajiri asiyejua historia hii humdharau mmoja na kumtukuza mwingine, na pengine humlipa kinyume.

Cheti kinachosema tu "amefuzu useremala" kingeweza kuepuka ubishi huo kwa kubeba nyuma yake orodha ya vitendo vilivyothibitishwa. Mafunzo yanayogawanywa katika moduli yana faida hiyo, na faida nyingine kubwa zaidi kwa watoto wa pembezoni mwa jiji. Familia za Dar es Salaam huhama: leo chumba cha kupanga Tandika, mwakani Bunju. Wapo wanaokatiza masomo kwa ugonjwa, kwa umaskini, kwa ujauzito. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwamo waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi katika shule za mfumo rasmi. Msichana anayerudi baada ya mwaka mmoja akiwa na daftari lenye moduli nne zilizothibitishwa huanza na ya tano. Asiye na daftari huanza upya na watoto wadogo, au hakai.

Hata waliojifunza nje ya shule kabisa wameanza kufikiriwa. VETA imeendesha utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, ambapo seremala, mwashi, fundi magari au mpishi ambaye hakuwahi kukaa darasani hupimwa kwa kazi yake na kupewa cheti. Wapimaji wa utaratibu huo hukutana na lile lile wanalokutana nalo walimu: mtu anaweza, lakini hakuna aliyeandika. Hukusanya picha za kazi zake, maelezo ya wateja na ya mafundi wenzake, kisha humtaka afanye kazi mbele yao. Kwa maneno mengine, hulitengeneza kwa siku chache daftari ambalo lilipaswa kuandikwa kwa miaka.

Jaribio la darasani

Walimu na wanafunzi wanaotaka kujua vipimo vyao vina nguvu gani hawahitaji fedha wala mashine. Shule mbili zipatane, tuseme moja ya Temeke na moja ya Kinondoni. Kila moja itoe kazi 20 za wanafunzi wake za aina moja, viungo vya ulimi na tundu au mishono ya zipu, na kila kazi ipewe namba bila jina. Nusu ya kazi hizo zichaguliwe kwa makusudi kuwa za mashaka, maana kazi iliyo wazi kuwa nzuri au mbovu haimjaribu mpimaji. Mwalimu wa shule ya kwanza azikague zote 40 peke yake na kuandika "ameweza" au "bado". Mwalimu wa shule ya pili afanye vivyo hivyo bila kuiona orodha ya mwenzake.

Wanafunzi wa hisabati wahesabu. Waweke majibu katika visanduku vinne, watafute mapatano yaliyoonekana, watafute mapatano ya bahati kwa njia iliyoelezwa hapo juu, kisha kappa. Wasishangae ikiwa ndogo. Walimu wachukue zile kazi ambazo hawakupatana, waziweke mezani pamoja na kigezo kilichotumika, na watafute ni neno gani katika kigezo lililosomwa kwa namna mbili. Mara nyingi huwa ni neno kama "nadhifu", "imara" au "vizuri". Neno hilo lifutwe na mahali pake pawekwe kipimo: milimita, digrii, idadi ya mishono kwa sentimita. Kisha kazi nyingine 40 zikaguliwe kwa kigezo kipya, na kappa ya pili iandikwe kando ya ile ya kwanza, pamoja na tarehe yake.